Jaji Sarah Hughes na kura za Dallas

JUMA: Karibuni tena. Leo tuna jaji aliyepigiwa kura. Dada Rehema, kwetu hilo ni geni; Tanzania na Kenya majaji huteuliwa na rais.

REHEMA: Jimbo la Texas, Marekani, hupigia kura majaji wa mahakama za wilaya kila baada ya miaka 4, na wagombea husimama kwa tiketi ya chama. Nimemleta Sarah Hughes.

JUMA: Aliyemwapisha Lyndon Johnson kuwa rais wa Marekani ndani ya ndege!

REHEMA: Huyo huyo, tarehe 22 Novemba 1963, saa chache baada ya Rais Kennedy kuuawa. Lakini hapo tayari alikuwa jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu ya Marekani, ambaye huteuliwa na rais. Mimi navutwa na miaka 26 ya kabla yake, ambayo watu huiruka.

JUMA: Alianzia wapi?

REHEMA: Alizaliwa Baltimore, 1896. Alifundisha sayansi, halafu akawa polisi Washington huku akisoma sheria usiku. Alihitimu 1922, wakahamia Dallas na mumewe. Kazi ya uwakili hakupewa. Ofisi moja ndogo ilimpa chumba bila kodi, mradi awapokelee wageni.

JUMA: Mwanasheria kamili, anapokea wageni!

REHEMA: Mwaka 1930 akachaguliwa mbunge katika bunge la jimbo la Texas. Mwaka 1935 Gavana James Allred akamteua jaji wa Mahakama ya Wilaya ya 14, Dallas, mwanamke wa kwanza Texas kushika nafasi hiyo. Seneta mmoja akapinga: mke wa mtu akaoshe vyombo nyumbani.

JUMA: Wenzake wakasemaje?

REHEMA: Wakamthibitisha. Mwaka uliofuata wananchi wakamchagua, na wakamrudisha mara 6 zaidi. Ila sikiliza hili, kaka: hadi 1954 sheria ya Texas haikumruhusu mwanamke kuwa miongoni mwa raia 12 wanaoitwa kuamua kesi.

JUMA: Yaani anaongoza kesi, lakini pale kwa wale 12 hawezi kukaa?

REHEMA: Hawezi. Alipigania jambo hilo miaka mingi, mpaka katiba ya Texas ikabadilishwa. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kile kiapo cha kwenye ndege.

JUMA: Nakubali. Lakini hizi kura zinanitia hofu. Kampeni inataka fedha, na wachangiaji wengi ni mawakili wale wale watakaosimama mbele ya jaji.

REHEMA: Ni kweli, na uchafu huo haujaisha Texas. Ila tazama uteuzi nao. Mwaka 1961 alipotajwa kuwa jaji wa shirikisho, Chama cha Mawakili cha Marekani kilimpinga kwa sababu ya umri. Ilibidi Johnson, wakati huo makamu wa rais, na Sam Rayburn, Spika wa Baraza la Wawakilishi, wambebe ndipo Kennedy akamteua.

JUMA: Kwa hiyo unachagua kura?

REHEMA: Kwa mama huyu, ndiyo. Wakubwa walimpima kwa ndoa na umri. Watu wa Dallas walikuwa wameiona kazi yake mahakamani mwaka baada ya mwaka. Fedha za mawakili ndizo ningezipiga marufuku.