Kijitabu cha senti 25 kilichompeleka mama mahakamani

Asanteni, asanteni, kaeni jamani. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Niliambiwa nije niongelee elimu ya uzazi kwa vijana, nikaona nikianza na yale ya kila siku, homoni sijui nini, nusu yenu mtatoa simu. Kwa hiyo leo nawaletea mama mmoja wa Marekani anaitwa Mary Ware Dennett, ambaye alishtakiwa kwa sababu aliwaandikia wanawe maelezo ya mambo ya kikubwa. Wanawe wa kuwazaa mwenyewe.

Kwanza mjue huyu mama hakuwa daktari. Alizaliwa 1872 huko Worcester, Massachusetts, baba yake akafariki yeye akiwa na miaka kumi tu, baadaye akasomea sanaa Boston akawa fundi wa ngozi, zile za kupambwa kwa dhahabu zinatundikwa ukutani kwenye nyumba za wenye nazo. Mwaka 1900 akaolewa na msanifu majengo, bwana Hartley Dennett, na walipendana kweli, mume anachora nyumba mke anapanga mapambo ya ndani.

Sasa alizaa mara tatu na uzazi wake ulikuwa wa taabu, mtoto wa katikati akafariki bado mchanga. Baada ya yule wa mwisho, 1905, daktari akamwambia mama usizae tena. Basi. Afanyeje ili asizae? Hakuambiwa! Na yeye mwenyewe alikuja kuandika baadaye kwamba katika mambo ya kuzuia mimba yeye hakujua kitu, na mume naye vilevile hakujua kitu, watu wazima, wasomi, wameoana. Njia waliyobaki nayo ni kila mtu na usingizi wake. Mume baadaye akaangukia kwa mwanamke mwingine, mteja waliyekuwa wanamjengea nyumba, magazeti yakashangilia ile aibu, na 1913 talaka ikatoka. Watoto wawili, Carleton na Devon, wakabaki kwa mama.

Mimi sisemi ndoa ilivunjika kwa hilo peke yake, ndoa za watu tuziache, ila hebu fikiria mwanamke anatoka kwenye hiyo nyumba halafu anaenda kulea vijana wawili wa kiume. Lazima ujiulize hawa nao watakua hivi hivi gizani?

Na kulikuwa na sheria, nisiiruke hiyo. Tangu 1873 Marekani ilikuwa na sheria ya Comstock, imeitwa kwa jina la mzee aliyeipigania, Anthony Comstock, ambayo ilikataza kupitisha posta kitu chochote kichafu, na kwenye huo uchafu wakaweka humohumo maelezo ya kuzuia mimba. Yaani picha za ovyo na ushauri wa uzazi vimetiwa kapu moja.

Haya, 1915 Carleton ana miaka 14. Mama akatafuta kitabu cha kumpa, akasoma vingi, makumi, asipate hata kimoja cha kumkabidhi mtoto bila kwanza kumwonya kwamba hapa wamekudanganya na hapa wamekutisha. Vingine vinaanza na chavua na vipepeo na vinaishia hapohapo kwenye vipepeo (hivyo hata sisi tumevisoma, msicheke). Mimi mwenyewe nilimuuliza bibi watoto wanatoka wapi nikaambiwa wananunuliwa hospitali, na nikaamini mpaka darasa la sita, nikawa najiuliza kwanini majirani zetu hawana hela lakini wamenunua wanane.

Basi akaandika mwenyewe. Akaweka maumbile, viungo kwa majina yake, mimba inaingiaje, magonjwa ya zinaa yapo na yanatibika. Lakini kitu alichowazidi wenzake wote, na ndio sababu nimemchagua leo, ni kwamba alisema waandishi wengine wanaeleza mwili, wanaeleza wanyama, wanaeleza maadili, halafu wanaruka hisia. Yeye hakuruka. Akawaambia wanawe kwamba watu wazima wakipendana lile tendo ni jambo la furaha, sio dhambi ya kuvumilia ili upate watoto. Mama, mwaka 1915, anamwambia hivyo mwanae! Huku kwetu kungwi angesema sasa hapo kuna jipya gani, na ni kweli makungwi wetu hilo la furaha hawakulificha, ila wao walimfungia mwali ndani, mama Dennett alikuwa anaandikia wavulana.

Ile karatasi ikaanza kutembea, marafiki wanaazimana, wazazi wanaomba kopi, mpaka 1918 jarida moja la madaktari likaichapa, ndipo akaitoa kama kijitabu, The Sex Side of Life, senti 25. Wakanunua mpaka watu wa YMCA, ule umoja wa vijana wa Kikristo, na chuo cha kufundishia wachungaji. Halafu 1922 posta wakasema kichafu, kisipite. Akawaandikia, naomba mnionyeshe ni sentensi gani chafu. Hawakumwonyesha. Akauliza tena, wapi. Basi akaendelea kutuma kwenye bahasha zilizofungwa na stempu kamili, miaka inapita.

Katikati hapo alikuwa pia kwenye vita ya kupanga uzazi, alishakuwa mmoja wa waanzilishi wa National Birth Control League 1915, na hawakuelewana na Margaret Sanger, mpiganaji mwenzake wa kupanga uzazi, ambaye ndiye mwenye jina kubwa zaidi. Sanger alifika mahali akataka madaktari waruhusiwe kutoa hizo habari. Dennett akasema hapana, futa maneno yote ya kuzuia mimba kwenye ile sheria ya Comstock, kila mtu ajue, kwanini maskini amtegemee daktari? Kwa maoni yangu Dennett ndiye alikuwa na haki, Sanger ndiye alikuwa na akili ya siasa, na mnajua hapo nani anashinda.

Sasa ule mtego. Inakuja barua kutoka mji unaitwa Grottoes, Virginia, mama mmoja, Mrs. Miles, anaomba kijitabu. Dennett akatuma. Kumbe hakuna Mrs. Miles, ni mkaguzi wa posta! Januari 1929 akafunguliwa mashtaka, bibi wa miaka 56, na adhabu ya juu ni kifungo cha miaka mitano. Kesi ikasikilizwa Brooklyn mwezi wa nne, wakili wake Morris Ernst akaleta wataalamu waje waseme hiki kijitabu ni cha maana, hakimu akakataa. Kule uamuzi unatolewa na raia wa kawaida kumi na wawili, na wote walikuwa wanaume. Hawakukaa hata saa moja, ana hatia. Faini dola 300.

Akasema silipi.

Hapo ndio serikali ikajikuta imejichanganya yenyewe, maana magazeti nchi nzima yakabeba habari ya bibi anayetishiwa jela kwa kufundisha watoto, na watu ambao hawakuwahi kukisikia kile kijitabu wakaanza kukiagiza. Machi 1930 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu, jaji Augustus Hand akasema, kwa maneno yangu, kwamba mafunzo ya kweli na ya heshima huwezi kuyaita uchafu kwa sababu tu yanaweza kumsisimua mtu, na ujinga na kubahatisha gizani ni hatari zaidi. Hukumu hiyo ilikuja kuwasaidia wengine wengi. Yeye akaandika kitabu kuhusu kesi, Who's Obscene?, mwaka huohuo, na mwaka uliofuata kingine cha wazazi, The Sex Education of Children, ambacho kama una mtoto kiangalie, Kiingereza chake cha zamani lakini kinasomeka. Alifariki 1947.

Haya, nimetoa kopi za kile kijitabu, ziko pale mezani karibu na thermos ya chai, moja moja tafadhali. Kuna kijana hapa mbele ananiuliza kama na wao wachukue au ni za wazazi tu. Chukua mwanangu. Na ya rafiki yako ambaye hakuja, chukua. Haya maswali, tuanze na mama wa kitenge cha bluu.