Stakabadhi ni ndugu: mhadhara wa XSLT, Mtwara

Shikamooni wakubwa, vijana, hamjambo. Wengi mmetoka vyama vya msingi, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya ghalani. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, ilianza kwenye korosho zetu mwaka 2007, mwaka ule ule W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilipotoa XSLT 2.0, lugha ya kugeuza data kuwa ukurasa. Nadhani hakuna aliyewahi kuyataja mawili hayo pamoja.

Stakabadhi ya korosho, ya ufuta na ya mbaazi ni ndugu. Jina la mkulima, chama, ghala, kilo, makato: zote zinayo. Tofauti ni chache, kama daraja la korosho.

Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa na faili la XSLT la korosho, linalogeuza XML, yaani data iliyowekewa lebo, kuwa ukurasa wa kuchapa. Ufuta ulipokuja nikalinakili, nikabadilisha mistari michache. Mbaazi vivyo hivyo. Makato yakabadilika katikati ya msimu. Nikarekebisha mawili, la tatu likanipita. Mzee mmoja akaja na karatasi zake mbili, akaziweka mezani, akakaa. Hakusema neno.

Sasa yanayofanana yako faili moja, msingi.xsl. Faili la ufuta huanza na xsl:import, amri ya kuliagiza faili la msingi, kabla ya tamko jingine lolote, kisha huandika templeti za ufuta tu, yaani kanuni za kugeuza kila kipengele cha data. Templeti mbili zikigombea kipengele kimoja, ya faili linaloagiza hushinda ya lililoagizwa. Yaani mdogo anamzidi mkubwa kauli! Sema hivyo barazani Newala, utaulizwa jandoni ulifundishwa nini. Ila mdogo mwenye adabu ana xsl:apply-imports: templeti ya makato ya ufuta huchapa mstari wake wa ziada, kisha humwachia mkubwa amalizie yale ya kawaida.

xsl:include, amri nyingine ya kuunganisha mafaili, haina mkubwa wala mdogo. Ni kama yote umeyaandika faili moja. Templeti zenye kipaumbele sawa zikigongana, programu inaweza kukataa kwa kosa, au kuchukua ya mwisho kimyakimya. Naitumia kwa vitu visivyogombana tu, kama kupanga tarehe na kuandika shilingi.

Kijana wa nyuma anauliza: je, nikiagiza mafaili mawili? Lililoagizwa mwisho lina nguvu zaidi, kwa hiyo usiipangue mistari hiyo ovyo.

Haya, fungueni faili la mbaazi. Kila templeti iliyo sawa na ya msingi, futeni. Tuone zitabaki ngapi.