Bando Kubwa, Mtandao Mzito: Latensi ni Nini?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa TEHAMA na makarani wa vyama vya msingi, Mtwara mjini)

Mwenyekiti, walimu, makarani mliotoka Newala na Tandahimba alfajiri, nanyi wadogo zangu wa TEHAMA: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie latensi. Nianze na lalamiko ambalo kila aliyemo humu ameshawahi kulitoa: "Nimejiunga bando la wiki, GB kibao, lakini mtandao unazunguka tu." Dawa ya mtaani ni kununua bando kubwa zaidi. Mimi nasema mara nyingi hapo mnatupa hela, kwa sababu kinachowasumbua si wingi wa data. Ni muda wa kwenda na kurudi.

Latensi ni muda unaopita kati ya kuomba kitu na kuanza kukipata. Asili yake ni Kilatini, kwenye maana ya kujificha, na madaktari nao wanalitumia kwa kile kipindi ambacho mtu ameshaambukizwa lakini dalili hazijatokea. Mtu wa mitandao akisema latensi, aghalabu anamaanisha safari nzima ya kwenda na kurudi, na anaihesabu kwa milisekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Mtu anayeshughulika na memori ya kompyuta akilitaja, yeye yuko kwenye nanosekunde, sehemu ya bilioni ya sekunde. Kwa hiyo mtu akikutajia namba ya latensi, mwulize: kutoka wapi hadi wapi? Ya kwenda tu, au kwenda na kurudi? Asipokujibu, namba hiyo achana nayo.

Tuchukue msimu wa korosho. Lori la tani 30 linabeba mara tatu ya lori la tani 10, lakini kutoka Newala hadi hapa yote mawili yanatumia saa zilezile. Mbps mnazotangaziwa, yaani kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, ni tani. Latensi ni saa za barabarani. Ukitaka kuhamisha ghala zima, yaani kupakua filamu, tani zina faida. Ukitaka kupeleka barua moja uletewe jibu, ukubwa wa lori haukusaidii. Na shughuli zetu nyingi kwenye simu ni barua na majibu.

Tazameni ukurasa wa benki unavyofunguka. Kwanza simu inabisha hodi kwa seva, yaani kompyuta ya benki inayotoa majibu, na kusubiri kuitikiwa: safari moja. Kisha wanakubaliana namna ya kusimba mazungumzo yao, yaani kuyageuza siri mwingine asiyasome: safari moja, na kwa mitambo ya zamani mbili. Ndipo ombi lenyewe liende, herufi ya kwanza irudi. Safari tatu au nne, na hapo hatujahesabu ile ya kutafuta anwani ya seva, wala picha.

Sasa kila safari inachukua muda gani? Data husafiri kama mwanga, na mwanga kwenye nyuzi za kioo za mkongo, yaani kebo ya intaneti, hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili tu ya mwendo wake angani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 560. Mkongo ukifuata njia hiyo, kwenda na kurudi ni milisekunde zisizofika sita. Si kitu. Lakini seva ikiwa London, umbali wa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 7,500, na mkongo haunyooki hivyo. Hata ungenyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde 75. Zidisha mara nne. Hapo hakuna aliyezembea, na hakuna meneja wa kumpigia simu. Mkongo ni uleule hata uwekewe mitambo ya mabilioni, 75 haishuki.

Wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mkongo wa SEACOM kuingia Dar es Salaam mwaka 2009. Data ilipanda kwenye setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka, na jibu likapita njia hiyohiyo. Hapo ni karibu nusu sekunde kwa kila safari, hata mwanga ukienda mwendo wake kamili. Ndiyo maana ukipiga simu Ulaya mlikuwa mnaongea kwa pamoja, kisha mnanyamaza kwa pamoja. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndoa za watu ziliyumba kwa sababu ya ule ukimya.

Na Mei 2024 hamjaisahau. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya, mvua zikaikata barabara ya Dar kule Kilwa. Tarehe 12 mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi ikakwama. Njia ya karibu ikikatika, data huzungushwa kwingine, na kila kilomita inayoongezeka inaingia kwenye hesabu ya safari, zidisha idadi ya safari.

Hadi hapa nimezungumzia umbali, na umbali angalau unajulikana. Kuna ucheleweshaji mwingine uliojificha hasa. Kijana, hebu tuonyeshe.

(Kompyuta imeunganishwa na ruta ya ukumbini, kile kifaa kinachogawa intaneti. Anaandika amri ya ping, inayotuma ujumbe mdogo kwa seva na kupima muda hadi jibu lirudi, iliyotungwa na Mike Muuss mwaka 1983.) Kila mstari mwishoni una "time" na namba. Hiyo ni safari moja. Mnaona, zinacheza kwenye tarakimu mbili. Sasa ninyi watatu wa mbele, pakueni video kubwa kwa pamoja... Haya, tazameni ukutani. Tarakimu tatu. Inazidi kupanda. Seva haijasogea! Ni foleni ndani ya ruta. Ruta ina ghala la kuhifadhi pakiti, yaani vipande vya data, zinazosubiri zamu, na watengenezaji, kwa nia njema, walilifanya kubwa ili pakiti zisipotee. Matokeo yake barua yako ndogo inakaa nyuma ya malori ya video. Mmarekani Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia mwaka 2010, na 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, mbinu inayoangalia pakiti imekaa foleni kwa muda gani na kuanza kuzitupa kabla foleni haijaoza. Ruta nyingi za siku hizi zinaweza kufanya hivyo. Shida ni kwamba mara nyingi aliyefunga ruta hakuiwasha mbinu hiyo.

Wadogo zangu mtakaotengeneza programu, hapa niwe mkali kidogo. Mnajaribu kazi zenu ofisini, seva iko chumba cha pili, kila kitu kinaruka. Kisha mkulima wa Kitangari anabonyeza "Lipa", kimya, anabonyeza tena, hela inakatwa mara mbili. Punguzeni safari: omba vitu vitano kwa mara moja, si mara tano. Na ombi la malipo lipewe namba yake, likija tena seva ijue ni lilelile. Tena mkipima muda wa kusubiri, msiniletee wastani. Wastani unamficha huyo huyo wa Kitangari.

(Swali kutoka kwa karani: je, kubadilisha laini kutasaidia?)

Inawezekana, mama, lakini pima kwanza. Pima asubuhi na mapema ofisi ikiwa tupu, kisha pima saa nne watu wote wakiwa kazini. Namba zikiwa mbaya nyakati zote mbili, laini au njia yake ndiyo yenye shida, badilisha. Zikiwa nzuri asubuhi na mbaya saa nne, mwite aliyefunga ruta, mwulize habari ya foleni kabla hujalipia chochote.