Mikimbio 39 ya Uganda: Mhadhara Kuhusu Kriketi Fupi

Asante, mwenyekiti, na asanteni nyote mliokuja.

Nimeombwa nieleze jinsi kriketi ya ova 20, yaani kila timu hurushiwa ova 20 za mipira sita sita, ilivyoenea duniani, na sina budi kuanza na sigara. Kule Uingereza kulikuwa na kombe la kaunti lililodhaminiwa na kampuni ya tumbaku. Matangazo ya tumbaku yalipopigwa marufuku, kombe likafa baada ya msimu wa 2002. Bodi ya Kriketi ya England na Wales ikahitaji kitu cha kuziba pengo. Stuart Robertson, aliyekuwa upande wa masoko, akapendekeza mechi inayochukua muda wa saa tatu hivi, inayochezwa jioni watu wakishatoka kazini. Kaunti zikapiga kura: 11 zikakubali, 7 zikakataa. Kura mbili tu zingehama, wangetoka sare. Mechi za kwanza zikachezwa tarehe 13 Juni 2003.

India, ambayo leo ndiyo mwenye mali, haikuuchangamkia mchezo huu mpaka ilipoifunga Pakistan kwa mikimbio 5 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) katika fainali ya dunia, Johannesburg, Septemba 2007. Aprili iliyofuata ligi yao ya IPL ikaanza, na usiku wa kwanza Brendon McCullum akapiga mikimbio 158 bila kutolewa. Haki za kuonyesha ligi hiyo kuanzia 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 6.

Habari za fedha mnazisikia kila siku, sitazirefusha. Mimi naona uamuzi uliotugusa zaidi huku kwetu ni mwingine: kuanzia Januari 2019, mechi yoyote ya ova 20 kati ya timu za wanaume za nchi wanachama wa ICC, baraza la kriketi la kimataifa, inahesabiwa kuwa ya kimataifa. Wanawake walitangulia, Julai 2018. Kabla ya hapo, Tanzania ikicheza na Rwanda, kwenye vitabu vikubwa ilikuwa kana kwamba hawakucheza.

Wako waliosema hatua hiyo imeushusha hadhi mchezo. Wanataja Mali, ambao wapigaji wao wanawake walitolewa wote wakiwa wamepata mikimbio 6 tu mjini Kigali mwaka 2019. Wanataja Uganda, waliotolewa kwa 39 na West Indies kwenye Kombe la Dunia la 2024, kisha kwa 40 na New Zealand. Najua hata humu ndani kuna waliocheka.

Lakini Uganda walifikaje huko? Novemba 2023, Windhoek, waliifunga Zimbabwe, nchi inayocheza mechi za siku tano, daraja la juu kabisa la kriketi. Kisha kule Guyana, kwenye kombe lenyewe, Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani akawatoa wapigaji wawili. Papua New Guinea wakafungwa. Zimbabwe, baada ya kukosa kombe hilo, ilibidi washuke hadi mchujo wa kanda hapa Nairobi. Wakamalizia hasira zao kwa Gambia pale Ruaraka, Oktoba 2024: mikimbio 344, rekodi ya mechi za kimataifa, Sikandar Raza peke yake 133 kwa mipira 43.

Sasa tujitazame sisi Wakenya. Mwaka 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50, tukiwa tumewafunga Sri Lanka hapa hapa Nairobi. Miaka minne baadaye, kwenye kombe la kwanza la ova 20, Sri Lanka hao hao wakatupiga mikimbio 260. Tangu siku hizo wanaume wetu hawajarudi kwenye kombe hilo. Vipaji vilikuwepo. Mfumo wa kuwaandaa watakaorithi nafasi za akina Steve Tikolo, nahodha wetu wa zamani, ndio haukuwepo, na wakati viongozi wakivutana, majirani walikuwa uwanjani.

Rwanda ndio wanaonivutia zaidi. Tangu 2014 wana mashindano ya wanawake ya Kwibuka, ya kukumbuka mauaji ya kimbari, karibu kila mwaka; Tanzania walilibeba kombe hilo 2019, mwaka ule ule wa Mali na mikimbio yao 6. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wasiozidi miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia wakaifunga Zimbabwe, kisha West Indies. Hawakuwa na dola bilioni 6. Walikuwa na mechi.

Mtaniuliza kuhusu Olimpiki ya Los Angeles, 2028, kriketi ikirudi kwa mara ya kwanza tangu Paris 1900. Ni timu sita tu za wanaume na sita za wanawake, na mbele yetu Afrika wako Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Sipotezi usingizi kwa hilo. Ningependa kwanza kujua msichana wa miaka 14 wa Kisumu au Mombasa atacheza mechi ngapi za ushindani mwaka huu, na nani atamlipia nauli.

Naona mikono imeinuka. Mama pale nyuma, karibu.