Draya Haitoi Joto? Anza na Hewa

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya draya, mashine ya kukaushia nguo, maana baridi ya Ohio imeshaingia na hakuna tena wa kuanika uani. Wengi wetu tumekulia kwenye kamba na jua. Mashine hii tunaikuta tu kwenye nyumba ya kupanga, na ikigoma tunakimbilia kuagiza vipuri. Ombi langu leo: kabla hujanunua kipuri chochote, fuata hewa inakopita.

Draya hupasha hewa moto, kisha feni huivuta ipite kwenye nguo na kuitoa nje pamoja na unyevu. Hewa isipopata njia, nguo hubaki na majimaji na joto hupanda ndani mpaka fyuzi ya joto, kipande kidogo kinachokata umeme joto likizidi, inakatika. Fyuzi hiyo hukatika mara moja tu, hairudi. Kwenye draya nyingine pipa la nguo huendelea kuzunguka bila joto; kwenye nyingine mashine nzima haiwaki. Fundi anabadilisha fyuzi, mnamshukuru, na haichukui muda inakatika tena, kwa sababu bomba lililoziba hakuna aliyeligusa.

Kwa hiyo iwashe draya, toka nje, weka mkono kwenye tundu la ukutani inapotokea hewa. Upepo uwe na nguvu na kifuniko kiinuke. Ukiwa hafifu, zima, chomoa plagi, vuta mashine, fungua bomba la nyuma. Humo ndimo vumbi la nguo linamojazana. Bomba likiwa la plastiki au la foili la kukunjika, mwambieni mwenye nyumba aweke la bati gumu, inchi 4. Lile laini hubanwa na ukuta, na mikunjo yake hushika vumbi. Chujio nalo lisafishwe kila mzigo. Mnaotumia vile vikaratasi vya manukato vinavyotiwa kwenye draya pamoja na nguo, mjue vinaacha utando usioonekana kwenye wavu wa chujio. Mimina maji juu yake. Yakituama badala ya kupita, usugue kwa sabuni na brashi laini.

Hewa ikitoka vizuri na joto bado hakuna, nenda kwenye boksi la umeme. Draya ya umeme hapa Marekani hutumia volti 240, kutoka nyaya mbili zenye volti 120 kila mmoja. Mota inatosheka na 120, lakini hita inahitaji nyaya zote mbili. Mmoja ukikosa umeme, pipa linazunguka vizuri kabisa huku nguo zikitoka baridi, na mtu anaweza kununua hita mpya bila sababu. Zima breka pacha, swichi mbili zilizounganishwa, ya ampea 30 mpaka mwisho, kisha iwashe. Ikijizima tena, mwite fundi umeme.

Multimita, kifaa cha kupimia umeme, inakuja baada ya hapo, plagi ikiwa imechomolewa. Toa waya mmoja wa fyuzi, pima ohm, yaani ukinzani wa umeme: nzima husoma karibu na sifuri, iliyokatika haisomi kitu. Hita nzima mara nyingi husoma karibu ohm 10. Mota ikinguruma na pipa limesimama, tazama mkanda unaolizungusha.

Hapa nisikilizeni sana. Wapo wanaounga nyaya za fyuzi moja kwa moja ili draya ifanye kazi kwa muda. Msifanye hivyo, hata kwa mzigo mmoja. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moto ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, mioto 2,900 ya draya kila mwaka majumbani, na chanzo kikuu, asilimia 34, kilikuwa kutosafisha. Fyuzi ile ndiyo inayolinda watoto wenu waliolala.

Mnaofanya kazi mikahawani, vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa, na vikitoka kwenye draya vikarundikwa vya moto vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianikeni. Na mwenye draya ya gesi akisikia harufu ya gesi, asiguse swichi yoyote. Atoe watu nje, apige simu akiwa huko.

Nimeleta fyuzi mbili, nzima na iliyokatika. Kwa macho hamtazitofautisha. Multimita ipo hapa mezani. Akina mama mlioniambia mnataka kujifunza kupima, tuanze na ninyi.