Mbezi si Mbezi: pa kulala Dar es Salaam

MIREILLE: Karibuni tena. Tuko Lubumbashi, likizo kubwa ya Julai na Agosti inakaribia, na swali linalorudi ni lile lile: mtu akienda Dar es Salaam na familia, alale wapi? Mdogo wangu Kalenga, anza na kosa la Mbezi.

KALENGA: Ah, yaya, dada yangu mkubwa, hilo linakula watu. Dar ina Mbezi mbili. Mbezi ya Luis iko barabara ya Morogoro, ndipo kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli, na bisi zinazotoka Tunduma zinakushusha pale. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, kule baharini. Sasa mtu ametoka Kasumbalesa, ameikata Zambia yote, amevuka mpaka wa Nakonde na Tunduma, anafika usiku, miguu imevimba. Kwenye simu ameandikiwa "hoteli, Mbezi". Anasema nimefika! Kumbe bado azunguke kwa Goba, zaidi ya kilomita 10, na mwenye bajaji ameshamsoma kuwa ni mgeni.

MIREILLE: Basi kabla ya kulipa, uliza barabara. Morogoro au Bagamoyo? Na anayefika usiku wa manane, ushauri wangu ni alale gesti ya karibu na kituo usiku ule mmoja, asubuhi ndiyo aende baharini. Kuvuka mji mzima na watoto waliosinzia hakuna faida.

KALENGA: Wa ndege je?

MIREILLE: Uwanja uko barabara ya Nyerere, kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Ukitua saa kumi na moja jioni na hoteli yako iko Mbezi Beach au Kunduchi, foleni inakungoja. Hesabu saa moja na nusu, na zaidi.

KALENGA: Sasa tuseme ukweli. Mtu wa huku haendi Dar kuogelea tu. Anataka kupita Kariakoo. Kwa asiyepajua, ni kama soko ya mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, uiongezee maghorofa na mitaa isiyoisha.

MIREILLE: Na hapo ndipo watu wanakosea. Wanatafuta hoteli moja ya mambo mawili, karibu na soko na karibu na bahari. Wanaangalia ramani, wanaona Posta na Kivukoni, katikati ya mji, ziko kwenye maji, wanalipa. Ni kweli maji yapo, ila ni maji ya bandari. Meli, boti, kivuko. Hapo huogi. Posta inakufaa kama una boti ya asubuhi ya Zanzibar, kwa sababu gati iko pale pale, na mwendokasi wa Kivukoni, yale mabasi yenye njia yao peke yao, unakuunganisha na Kariakoo bila foleni.

KALENGA: Kwa hiyo tugawe siku.

MIREILLE: Tugawe. Ukiwa na usiku saba, minne baharini, mitatu mjini. Na uanze na bahari.

KALENGA: Hapo nakataa, yaya. Ukianza na bahari, makuta yanaishia kwenye samaki na soda za watoto. Anza Kariakoo, nunua, lipa, kilichobaki ndicho cha kuogelea nacho.

MIREILLE: Na mabalo, marobota ya mzigo ulionunua, utayapeleka wapi? Utavuka nayo kwenda Kigamboni, ng'ambo ya bandari, uyalaze chumbani, halafu uyarudishe?

KALENGA: Unampa wakala wa mizigo, anafunga, anasafirisha.

MIREILLE: Kufunga na kuandika karatasi si kazi ya mchana mmoja. Lazima uwe karibu ukague idadi kabla hawajashona. Ndiyo maana usiku wa mwisho ninauweka Kariakoo au Upanga. Upanga pametulia zaidi, na Kariakoo si mbali. Kariakoo yenyewe omba chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu kwenda juu, na uliza kama lifti inafanya kazi umeme ukikatika. Vinginevyo utapanda ngazi na gunia la viatu.

KALENGA: Sawa, umenishinda kwa gunia. Twende baharini. Masaki?

MIREILLE: Masaki na Oysterbay ni kama mtaa wetu wa Golf hapa. Barabara nzuri, mikahawa, na bei inalingana na vyote hivyo. Coco Beach iko pale, watu wanakula mihogo ya kukaanga na mishikaki, jioni panachangamka sana. Lakini sehemu kubwa ya chini ni miamba. Maji yakipwa unakanyaga mawe makali, si mchanga. Nenda pale kwa mihogo.

KALENGA: Hapa Katanga wengi hawalijui jambo la kupwa. Ziwa Tanganyika kule Kalemie, ulipoacha maji asubuhi ndipo unapoyakuta jioni.

MIREILLE: Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hiyo ni bamvua: tofauti kati ya kujaa na kupwa Dar inapita mita 3. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kwenye saa nne asubuhi yamekwenda mbali kabisa.

KALENGA: Saa ile ile watoto wamemaliza chai na wameshavaa nguo za kuogelea!

MIREILLE: Ndiyo. Baba anasema hoteli imemwibia, picha ilionyesha maji hadi kwenye ngazi. Picha ilipigwa maji yamejaa. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, maji hayaendi mbali hivyo, na asubuhi ile ile yanakuwa yamejaa. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Na mwombe mwenye hoteli video ya ufuko maji yakiwa yamepwa. Akikataa, umejibiwa.

KALENGA: Kunduchi au Kigamboni?

MIREILLE: Kwa watoto, Kunduchi na Mbezi Beach. Kwa mbele kuna visiwa, Mbudya na Bongoyo, vinavunja mawimbi, na boti za Mbudya zinaondokea upande huo. Kigamboni mchanga ni mzuri zaidi, watu ni wachache, lakini inatazama bahari wazi, na Julai upepo wa kusi unavuma.

KALENGA: Na kivuko. Ramani inasema Kigamboni na Posta ni pua na mdomo. Kuvuka Magogoni ni dakika chache kweli, ila gari linaweza kukaa kwenye foleni muda mrefu kuliko safari. Ukiwa na gari, pita Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa 2016. Lina tozo, weka shilingi ndogo karibu.

MIREILLE: Tukiwa kwenye shilingi: huku tumezoea kulipa hata nyumba kwa dola. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinataka biashara za ndani zilipwe kwa shilingi. Badilisha kwenye duka la fedha. Noti za dola 50 na 100 zinapata bei nzuri kuliko za 1 na 5. Uliza pia kama bei ya chumba ina kodi ya VAT ndani yake, maana ni asilimia 18.

KALENGA: Na dalali wa mtandaoni anayetaka pesa yote kwa simu kabla hujaona mlango?

MIREILLE: Mpe ya usiku mmoja. Asiyeikubali, achana naye. Halafu muulize maji: ni ya DAWASA, yaani ya bomba la mamlaka ya maji ya mji, au ya kisima? Visima vya pwani vingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama kamba. Kwa Julai feni inatosha, usilipie kiyoyozi. Desemba mpaka Machi, lipia, na uliza kama jenereta inakibeba au inabeba taa tu.

KALENGA: Chandarua?

MIREILLE: Kiwepo, na kisiwe na tundu. Pia kadi ya njano ya homa ya manjano, mpakani wanaiomba kwa anayetoka Kongo.

KALENGA: La mwisho: hoteli inaandika kuingia saa nane.

MIREILLE: Saa nane ya kule ni 14:00 kwenye simu yako. Na saa ya Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, kwa hiyo siku ya kutoka, wakikuambia saa nne, tumbo lako bado linasema saa tatu.

KALENGA: Na chaji? Plagi zetu ni za miguu miwili ya duara.

MIREILLE: Kule ni miguu mitatu ya bapa. Nunua adapta mbili Kariakoo... Ah, nimesema uanze na bahari.

KALENGA: Hata wewe unaanza Kariakoo, yaya!