Hatua ya 23

SUDI: Haya, tumerudi. Rehema ameshanisema kabla hatujawasha maikrofoni, kwa hiyo leo nina amani.

REHEMA: Bado sijamaliza. Waeleze ya Jumanne.

SUDI: Jumanne. Mnajua kwangu mnara haushiki ndani. Nusu ya simu zangu napigia dirishani, kichwa nje. Basi nikagundua kwenye mipangilio kuna kupiga kupitia waifai. Nikawasha, nikampigia shangazi. Sauti safi, kama tumekaa chumba kimoja. Nikasema ngoja nimtembeze mpaka nje.

REHEMA: Umtembeze shangazi.

SUDI: Simuni! Nahesabu hatua kutoka kwenye rauta. Ya 10, safi. Ya 18, anameza maneno. Ya 23, kimya.

REHEMA: Alikuwa anasema nini?

SUDI: Anasema, "Sasa nikwambie, aliyeuza gari la babu yako ni..."

REHEMA: Ni nani?

SUDI: Hatua ya 23.

REHEMA: Hukumpigia tena?

SUDI: Nilimpigia, nikaanza kuhesabu upya. Nilitaka kujua kama itakuwa 23 ileile. Ikawa 22.

REHEMA: Yaani ulimkata mara mbili palepale! Mtu mzima!

SUDI: Sikiliza, kuna sababu. Simu inang'ang'ania waifai hata ikiwa dhaifu. Ikiachia, mazungumzo yanahamia mnarani kama mnara unabeba sauti kwa 4G. Huku kwetu hapo nje inashika 3G tu, kwa hiyo hakuna pa kuhamia.

REHEMA: Na kinachoniudhi, hili lilishawahi kufanyika. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya BT ya Uingereza ilitoa huduma ya Fusion: ukiwa nyumbani, simu ya mkononi inashikana na kisanduku kwa Bluetooth, maongezi yanapita laini ya nyumbani. Ukitoka, yanarukia minara ya Vodafone bila kukatika. Orange ya Ufaransa ikaja na Unik 2006, T-Mobile ya Marekani 2007, hao kwa waifai. Zilihamia hata kwenye minara ya 2G.

SUDI: Kwa hiyo simu ya 2007 ingenipa jina la mwizi.

REHEMA: Sasa ni mwizi?

SUDI: Shangazi alitamka kwa sauti ya mwizi.

REHEMA: Tuingie kwenye hoja, tafadhali. Intaneti ya nyumbani unailipia mwenyewe. Rauta yako, umeme wako. Halafu kampuni ya simu inakukata dakika zilezile kana kwamba umetumia mnara wake. Si haki.

SUDI: Ni haki. Simu inachimba handaki la siri mpaka kwenye mitambo yao. Wao ndio wanaokutambua kwa namba yako, wanaitafuta namba ya shangazi, na kama yuko mtandao mwingine wanaulipa huo mtandao ili simu ipokelewe.

REHEMA: Hiyo ni kazi ya pale kati. Kipande cha mwisho, kile cha kufika chumbani kwako, umewajengea wewe. Wanipunguzie.

SUDI: Mbona ukipiga simu ukiwa chini kabisa ya mnara hawakupunguzii?

REHEMA: Mnara sijaununua mimi!

SUDI: Na mitambo hujainunua wewe.

REHEMA: Sudi, wewe ungelipia hata maji ya kisima chako.

SUDI: Kama bomba la mwenzangu ndilo linayafikisha, ndiyo.

REHEMA: Sikubali.

SUDI: Najua. Na mimi sibadiliki.

REHEMA: Dakika tatu zimebaki. Tulikuwa na mafunzo manne hapa. La kwanza, umeme ukikatika rauta inazima na simu unayopiga kwa waifai inakatika nayo, wakati ile ya mezani ya waya wa shaba ilikuwa inapata umeme wake kutoka kituo cha simu...

SUDI: La pili?

REHEMA: La pili ni la simu za dharura, refu. Halitoshi. Wiki ijayo.

SUDI: Ulisema hivyo wiki iliyopita.

REHEMA: Wiki iliyopita hatukuwa na mwizi. Nipe namba ya shangazi.

SUDI: Ukipiga, kaa karibu na rauta.

REHEMA: Mimi nitaketi juu yake.